Mapenzi ya Kuku, na Jinsi Yanavyoanza



Atokaye Mwanza mjini akashika barabara iendayo Musoma hufika Kisesa kabla hajachoka kukaa garini. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya mawe makubwa yaliyopandana kana kwamba yamepangwa kwa mikono, yenye mashamba ya mihogo na mahindi, na majaruba ya mpunga mabondeni. Karibu yake pako Bujora, penye makumbusho ya Wasukuma ambayo wageni huja kuyatazama. Mgeni akiingia katika mji wa mtu huko na kuuliza habari za mali, huonyeshwa ng'ombe. Ng'ombe ndio fahari, ndio mahari, ndio jina la mtu. Kuku hawatajwi. Wanapita miguuni pa mgeni yule yule, wanachakura jaani, wanadonoa punje zilizomwagika penye kinu, wala hakuna awahesabuye isipokuwa watu wawili: mama wa nyumba, na aghalabu mtoto.

Habari za hao wawili ndizo nitakazozungumza nanyi leo. Bwana mifugo akija kijijini hutufundisha banda liweje, chakula kiweje, na dawa zitiweje. Na mafundisho hayo ni mema. Walakini liko swali lijalo kabla ya banda, nalo haliulizwi sana: ni kitu gani kimfanyacho mtu aanze kumwangalia kuku, ambaye alikuwa akimpita kila siku bila kumwona? Maana asiyeshikwa na mapenzi haya, hata akijengewa banda la bati na waya, baada ya mwaka mmoja utakuta banda limekuwa ghala la majembe. Na yule aliyeshikwa huwalaza kuku wake jikoni chini ya tenga, tena huamka usiku kuwasikiliza.

Mara nyingi mambo huanza kwa zawadi. Bibi humpa mjukuu wake tembe mmoja, yaani kuku jike ambaye hajaanza kutaga, akamwambia, "Huyu ni wako." Au jirani humkabidhi mwenzake mtetea amtunze, kwa mapatano kwamba vifaranga watakaopatikana watagawanywa. Desturi hii ya kufugiana ni ya siku nyingi katika Afrika ya Mashariki, nayo imewaanzisha watu wengi wasiokuwa na fedha za kununulia hata kuku mmoja. Basi kuku yule mpya hufungwa kamba asije akarudi alikotoka. Ndiyo maana wazee husema kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Lakini methali haikueleza ni nani ashikaye ncha ya pili ya kamba ile. Aghalabu ni mtoto. Humpeleka kuku kivulini, humwekea maji katika kigae, humtafutia mchwa. Na kwa siku tatu nne kazi yake ni kumtazama tu. Kamba inapofunguliwa, kuku ameyajua makao yake mapya, na mtoto naye amekwisha kumjua kuku.

Neno lile "wako" lina nguvu kuliko tunavyodhani. Katika nyumba ya wafugaji ng'ombe ni wa baba, na shamba ni la jamaa nzima. Kuku mmoja ndiye kitu cha kwanza ambacho mtoto aweza kukiita mali yake. Akiangua salama, majogoo wawili watatu waweza kuuzwa gulioni wakatoa madaftari ya mwaka mzima. Wakiwa wengi zaidi hupatikana mbuzi, na mbuzi wakizaana, ndama hayuko mbali. Wako watu wazima wenye zizi zima ambao ukiwauliza habari za mwanzo wao watakutajia kuku mmoja, tena watakutajia na rangi yake.

Kutaja rangi yake ndiyo alama ya kwanza kwamba mapenzi yameingia. Kwa mtu asiyejali, kuku ni kuku. Kwa mwenye kujali, yule ni kishingo, asiye na manyoya shingoni. Yule ni kidimu, ambaye manyoya yake yamejikunja kana kwamba amepigwa na upepo. Na yule mrefu, mwenye miguu minene na macho makali, ni kuchi, ambaye watu wa Kanda ya Ziwa humjua sana. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, kule Morogoro, wamewachunguza kuku wetu wa kienyeji na kuwaandika kwa majina waliyopewa na wenyeji, kama kuchi, singamagazi na ching'wekwe. Na wataalamu waliopima nasaba za kuku hao wameona kwamba kuchi ana udugu na kuku wa kupiganisha wa Japani, waitwao Shamo. Safari gani ilimleta jamaa ya kuku wa Japani mpaka nyanda za Usukuma! Bila shaka alipita mikononi mwa mabaharia na wachuuzi wengi, kila mmoja akimwangalia na kusema, "Huyu sitamchinja, huyu nitamfuga."

Nitawapeni habari za mtoto mmoja wa mbali, kwa kuwa zinafanana na za watoto wetu. Katika nchi ya Norwei alizaliwa mwaka wa 1894 mtu aliyeitwa Thorleif Schjelderup-Ebbe. Alipokuwa mtoto mdogo, wazazi wake walikuwa na nyumba ya mapumziko shamba, na hapo palikuwa na kuku. Mtoto yule aliwapenda mno. Aliwajua mmoja mmoja, akakaa saa nyingi akiwatazama, akaanza kuandika katika daftari ni nani amemdonoa nani. Aliona jambo ambalo kila mwenye kuku analo mbele ya macho yake, na wachache tu wanalitambua: kuku hawadonoani ovyo. Yuko mmoja awadonoaye wote wala hadonolewi. Yuko wa pili awadonoaye wote ila yule wa kwanza. Hivyo hivyo mpaka wa mwisho, maskini, adonolewaye na kila mmoja. Pengine aliona mambo ya ajabu zaidi, kwamba wa kwanza amshinda wa pili, wa pili amshinda wa tatu, na huyo wa tatu amshinda wa kwanza. Alipokuwa mtu mzima alipeleka habari hizo chuoni, na mwaka wa 1922 zikapigwa chapa kwa lugha ya Kijerumani. Tangu hapo wataalamu wa wanyama duniani kote hutumia maarifa yaliyotoka katika daftari za mtoto aliyependa kuku. Enyi wanafunzi mnaosikiliza, jaribuni jioni ya leo kumwaga pumba kidogo uani, mkae kimya mtazame. Msitazame pumba; tazameni vichwa.

Lakini wengi hawashikwi kwa kutazama ugomvi. Hushikwa siku vifaranga waangukapo. Kuku wetu wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 au zaidi kidogo, kisha huacha kutaga na kuatamia. Hapo hubadilika tabia. Yule aliyekuwa mwoga hukuchomolea macho. Hujitutumua, hunguruma, hudonoa mkono wa yule yule amlishaye. Kwa siku 21 hutoka mara moja tu kwa siku, akala haraka, akanywa, akarudi mbio. Huyageuza mayai kwa mdomo wake mara kwa mara, la sivyo kiini cha uhai kitagandamana na ganda. Wazee walisema kwamba kuku havunji yai lake, na atazamaye jinsi ndege yule mzito anavyojishusha juu ya mayai ataelewa walisema nini.

Siku moja au mbili kabla ya kuanguliwa, ukilisogeza yai sikioni utasikia sauti ndani yake. Kifaranga analia ndani ya ganda, na mama huitikia kwa sauti ya chini ambayo haitumii wakati mwingine wowote. Mtoto aliyeisikia sauti hiyo mara moja hataisahau. Halafu huonekana ufa mdogo, kisha kitundu, kisha ncha ya mdomo. Na kazi ile huchukua saa nyingi. Mtoto hutaka kumsaidia kifaranga kwa kulibandua ganda. Azuiwe, maana mishipa ya damu iliyo chini ya ganda huenda haijakauka, na kifaranga atafia mkononi mwake. Akiachwa, hutoka mwenyewe, majimaji na dhaifu. Baada ya saa chache huwa mkavu, laini, na amesimama. Kiini cha yai alichokimeza tumboni chaweza kumtunza siku mbili tatu bila chakula.

Kifaranga huyo ana jambo moja ambalo limewashika wengi kuliko yote. Mwaka wa 1873 Mwingereza mmoja, Douglas Spalding, alieleza kwamba kifaranga asiye na mama humfuata mtu au kitu chochote kitembeacho anachokiona katika siku zake za kwanza. Mamwewe wakimchukua mama na vifaranga wakabaki, mwenye kuwalea huwa ndiye mama. Atembeapo, nyuma yake iko misururu ya manyoya inayolia. Akisimama, husimama na kupanda juu ya miguu yake. Si rahisi mtu afuatwaye hivyo aendelee kusema kwamba kuku ni kitoweo tu. Na jambo la kustaajabisha ni kwamba mwana wa kuku hafunzwi kuchakura: hata yule aliyelelewa ndani ya kikapu, mkimweka chini atarudisha mguu nyuma na kutazama amefukua nini.

Sasa tuangalie mambo haya yametoka wapi. Kuku wa mwituni, ambaye ni baba wa kuku wote, ni ndege wa misitu ya Asia ya kusini-mashariki. Mwaka wa 2022 wataalamu walitangaza kwamba mifupa ya kale kabisa waliyoweza kuithibitisha kuwa ya kuku wa kufugwa ilitoka Ban Non Wat, katika nchi ya Thailand, nayo ni ya kati ya miaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo. Wao hufikiri kwamba ndege wale walivutwa na mashamba ya mpunga na ulezi. Hapana mtu aliyekwenda mwituni kuwakamata kwa ajili ya nyama. Ndege wenyewe walikuja kuokota punje, watu wakawazoea. Mtu wa Kisesa aliye na jaruba la mpunga hahitaji kuelezwa zaidi.

Na katika nchi nyingi walikofika, watu waliwapenda kwanza na kuwala baadaye. Julius Caesar, jemadari wa Roma aliyevuka bahari kwenda Uingereza mwaka wa 55 na mwaka wa 54 kabla ya Kristo, aliandika kwamba wenyeji wa kisiwa kile waliona haramu kumla kuku, lakini waliwafuga kwa furaha yao tu. Wachimbaji wa mambo ya kale wameithibitisha habari hiyo, kwa kuwa wamekuta mifupa ya kuku wa zamani zile waliozikwa wazima, bila alama ya kisu. Huku kwetu nako, katika Buganda ya zamani wanawake hawakula kuku wala mayai. Na katika Usukuma kuku alikuwa na kazi nyingine kabisa: mfumu humpasua kifaranga aliyeletwa na mwenye shida, akasoma alama zilizomo mwilini mwake na kueleza asili ya taabu. Mimi sisemi kwamba alama zile zasema kweli. Nasema tu kwamba kuku amekaa karibu na mioyo ya watu kwa namna nyingi, na sufuria ni moja tu katika hizo. Hata jina lake limesafiri nasi: Msukuma humwita ngoko, Mhaya na Mganda enkoko, Mkikuyu nguku, Mswahili kuku. Yaelekea mababu walikuwa naye kabla lugha hizi hazijaachana mbali.

Tena sikilizeni hili. Mwaka wa 1858 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika Mwanza, akaliona ziwa ambalo wenyeji huliita Nyanza, akalipa jina la malkia wake, Victoria. Malkia huyo alikuwa mpenzi mkubwa wa kuku. Katika miaka ya 1840 aliletewa kuku wakubwa kutoka Asia, akawajengea nyumba nzuri pale Windsor. Matajiri walipoona malkia afuga kuku, nao wakataka kuku. Homa ile ikavuka bahari ikaingia Marekani. Mwaka wa 1849 palifanywa maonyesho makubwa ya kuku katika mji wa Boston, na watu kwa maelfu wakaenda kuwatazama. Kuku mmoja aliweza kuuzwa kwa bei ya kuwashangaza wakulima. Baada ya miaka michache bei ilianguka, na wengi waliokuwa wameingia kwa tamaa wakawaacha kuku wao. Waliobaki ni wale ambao wangaliwafuga hata kama kuku wasingekuwa na bei. Twayaona hayo hata siku zetu: mtu husikia kwamba kuku wa kisasa hutaga mayai kama 300 kwa mwaka, akapiga hesabu kwenye karatasi, akanunua vifaranga mia tano kwa mkopo. Karatasi haifi kwa mdondo.

Na hapa nafika penye uchungu wa mazungumzo haya. Mapenzi ya mtoto kwa kuku wake huuawa na vitu viwili.

Cha kwanza ni sisi wazazi. Mgeni wa heshima amekuja, na mgeni hapewi mboga za majani. Kuku aliye karibu ni wa mtoto. Hukamatwa, huchinjwa, na mtoto akirudi kutoka shule hukuta manyoya. Akilia huambiwa, "Ni kuku tu." Mwaka jana huyo huyo aliambiwa, "Huyu ni wako." Sisemi mgeni anyimwe kuku, jambo hilo haliwezekani katika nchi yetu, wala halipendezi. Lakini kuna baba ambaye humwita mtoto kando na kumwambia, "Mwanangu, tumepata mgeni, nikopeshe jogoo wako, wakiangua wale wa mama yako utachagua wawili." Mtoto yule huona fahari kwamba yeye ndiye aliyemlisha mgeni. Hataacha kufuga.

Cha pili ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu wataalamu waliutambua mwaka wa 1926, kule Java na karibu na mji wa Newcastle katika Uingereza, nao wakaupa jina la mji huo. Kwetu huja hasa wakati wa kiangazi. Kuku huacha kula, husinzia, mabawa hushuka, kinyesi huwa cha kijani, wengine hupinda shingo. Na katika siku chache uwanja uliokuwa na kuku 30 waweza kubaki na wawili. Mtu aliyeanza na tembe mmoja, akangoja miaka miwili, huwazika wote wiki moja. Wengi huishia hapo. Huwasikia wakisema, "Mimi sina mkono wa kuku." Sivyo. Mkono anao, alichokosa ni chanjo.

Chanjo hiyo ipo, nayo si ya gharama kubwa. Katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, wataalamu walitafuta chanjo isiyoharibiwa upesi na joto, ipate kufika vijiji visivyo na barafu wala umeme. Wakaipata ile iitwayo I-2, na tangu miaka ya 1990 imejaribiwa na kutengenezwa hapa Tanzania pia. Hutiwa tone moja katika jicho moja la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Haiponyi aliye mgonjwa. Hukinga walio wazima, tena baada ya wiki moja au mbili. Kwa hiyo itiwe kabla kiangazi hakijakolea, na ingawa yavumilia joto, isiachwe juani. Kichupa kimoja chatosha kuku wengi sana kuliko wa nyumba moja, na kikifunguliwa hakiwekwi. Basi majirani na wapatane, wachange, wachanje siku moja. Na mdondo ukisikiwa kijijini, mtu asikimbilie gulioni kuuza kuku wake wanaosinzia, maana hivyo ndivyo ugonjwa unavyosafiri kutoka mji mmoja hadi mwingine.

Kazi hiyo hufanywa alfajiri, kuku wangali wamelala, kwa sababu mchana hawakamatiki. Watoto ndio wafaao kuwashika. Wao wanajua ni nani alalaye juu ya dari, ni nani alalaye katika mti wa nyuma, na kishingo amejificha wapi. Mmoja ashike kuku ubavuni, amlaze kichwa upande, jicho lielekee juu. Mwingine adondoshe tone na kungoja kuku apepese jicho mara moja. Kisha aachwe aende, na mtoto alitaje jina lake, ili mwenye kalamu aliandike.